Mtoto Anakosea Mara Mbili ya Namba? Soma Jibu Lake Kwanza

Muulize mtoto wa darasa la kwanza: mara mbili ya 6 ni ngapi? Mmoja atasema 8. Mwingine ataandika 66. Wa tatu atasema 11, na wa nne atanyamaza akiangalia vidole vyake. Wote wamekosa, lakini hawajakosa kitu kimoja. Aliyesema 11 anaelewa kabisa anachotakiwa kufanya, ila anateleza hatua moja wakati wa kuhesabu. Aliyesema 8 hajaelewa swali. Ukiwaweka wote kwenye mstari mmoja waimbe jedwali la mbili mpaka kengele ilie, utakuwa umewasaidia wachache, na waliobaki watajifunza kufuata midomo ya wenzao.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye jibu lenyewe. Tafuta linalofanana na la mtoto wako, angalia limetoka wapi, halafu jaribu kilichoandikwa hapo. Vifaa ni vya kawaida: vizibo vya soda kama arobaini, vijiti na mipira ya kufungia mafungu, na trei tupu la mayai. Mzazi nyumbani anaweza kutumia punje za mahindi au maharage, mradi zisiwe ndogo za kumponyoka mtoto mkononi.

Kabla ya kutafuta kosa

Mwekee vizibo 4 mezani kwa mstari. Mwambie, "Weka vingine chini yake, viwe sawa na hivi." Usimtajie idadi. Kisha uliza, "Sasa vyote viko vingapi?"

Angalia mikono yake zaidi ya mdomo. Je, alichukua vinne moja kwa moja, au alipanga kimoja chini ya kingine mpaka mstari ukaisha? Alipohesabu vyote, alianza na moja, au alisema "nne" halafu akaendelea "tano, sita"? Akimaliza, ondoa vizibo na umuulize swali hilohilo kwa mdomo. Wapo wanaojibu vizuri mbele ya vizibo na kupotea kabisa vikiondoka. Hao wanahitaji muda zaidi wa kushika vitu, hawahitaji maelezo mapya.

Kisha uliza, "Umejuaje?" Uliza hata kama jibu ni sahihi. Mwalimu anayeuliza "umejuaje" pale tu mtoto anapokosea atakuta watoto wake wanafuta jibu kila wakisikia swali hilo, hata lililokuwa sawa.

6 inakuwa 8, na 5 inakuwa 7

Mtoto amesikia "mbili" akaongeza mbili. Hili ndilo kosa linaloongoza kwa wanaoanza, na mara nyingi limeanzia kwetu. Tunasema "ongeza mara mbili", na kwa mtoto wa miaka sita "ongeza mbili" na "ongeza mara mbili" ni kitu kimoja.

Kuna jambo linalolificha kosa hili kwa wiki nzima: mfano wa kwanza ubaoni huwa ni 2. Mara mbili ya 2 ni 4, na 2 ukiongeza 2 ni 4 vilevile. Darasa zima linajibu "nneee!", mwalimu anaridhika, kumbe nusu yao wamefika kwa njia nyingine kabisa. Usianze na 2, wala usipime kwa 2. Anza na 5 au 3.

Dawa yake ni kuiondoa namba mbili kwenye sentensi kwa siku chache. Waketishe watoto wawili wakitazamana. "Neema ana vizibo 6. Baraka naye apate sawasawa na Neema. Vyote pamoja ni vingapi?" Hapo hakuna "mbili" ya kumchanganya mtu, ziko 6 na 6 nyingine. Wakishazoea ndipo useme, "Hizi 6 na 6 ndizo tunaita mara mbili ya 6."

Halafu weka mambo mawili mezani kwa wakati mmoja. Upande huu mstari mmoja wa vizibo 6 ukiwa na viwili vimeongezwa mwishoni. Upande huu mistari miwili, kila mmoja una 6. Mwache mtoto akueleze tofauti kwa maneno yake. Kama nyumbani anaongea Kisukuma, Kimasai au lugha nyingine, na wewe unaijua, mruhusu aeleze kwa hiyo. Tunachotafuta hapa ni wazo lenyewe. Kiswahili chake kitafuata.

Wengine hutumia kioo kidogo: weka vizibo vitatu mbele ya kioo, mtoto anaona sita. Kinapendeza sana, lakini usikitegemee peke yake. Kuna watoto watakaohesabu vilivyo mezani tu na kukuambia ni vitatu, kwa sababu "vile vingine havipo". Na ukifikiria vizuri, wana hoja.

Anaandika 44

Umemwambia nne mara mbili, ameandika nne mara mbili. Ametii.

Usiweke alama ya kosa upesi. Mwambie akusomee alichoandika. Akisoma "nne, nne", wazo analo: nne moja na nne nyingine. Kinachokosekana ni kuzikusanya tu. Mwekee vizibo vya nne ya kwanza na vya nne ya pili, avihesabu kwa pamoja, kisha aandike 8.

Akisoma "arobaini na nne", mpe vizibo akuhesabie 44. Atafika kumi na kitu na kuanza kucheka mwenyewe. Huyu tatizo lake ni thamani ya nafasi, na litamrudia kwenye namba kubwa kama hulishughulikii sasa. Mfungie vijiti kumi kumi, ajue kwamba 4 ya kushoto ni mafungu manne.

Jibu limepungua moja: 6 inakuwa 11, 7 inakuwa 13

Hapa sikiliza kwa makini, maana kosa moja lina vyanzo viwili.

Chanzo cha kwanza kiko kwenye kidole. Mtoto anajua anaanzia 7 na anatakiwa aongeze vidole 7. Anainua kidole cha kwanza na kusema "saba". Cha pili, "nane". Cha tatu, "tisa". Kidole cha saba kinamkuta kwenye "kumi na tatu". Hakupoteza hesabu, ameihesabu saba ambayo tayari alikuwa nayo. Mtoto wa namna hii atapungukiwa moja kwa kila namba: 5 itampa 9, 8 itampa 15. Ukiona mfuatano huo kwenye daftari, huna haja ya kuuliza.

Chukua kikombe kisichoonyesha ndani. Tia vizibo 7 mbele yake, funika. Panga vingine 7 nje. Gonga kikombe, aseme "saba". Kisha mguso wa kizibo cha kwanza cha nje, aseme "nane". Kugonga kikombe ndiko kunakoibeba saba. Kidole hakigusi chochote mpaka nane. Rudia mpaka aanze kugonga meza bila kikombe, na baadaye kichwa chake.

Chanzo cha pili ni mtoto anayekumbuka kwamba mara mbili ya 6 ni 12, halafu anafikiri: saba imezidi sita kwa moja, basi jibu nalo lizidi kwa moja, 13. Huyu anafikiri vizuri kuliko anavyoonekana, na atakasirika ukimrudisha kwenye kuhesabu vizibo kimoja kimoja. Mrudishe kwa Neema na Baraka. Kila mmoja ana 6, jumla 12. Mpe Neema kimoja. Muulize, "Wako sawa?" Hapana. "Ili wawe sawa tufanyeje?" Na Baraka apewe kimoja. Jumla imepanda kwa 2, na sababu ameiona kwa macho.

Kwa wote wawili, wafundishe kujikagua. Vizibo vya jibu vipangwe viwiliwili. Namba iliyopatikana kwa mara mbili haibakizi kizibo cha peke yake hata siku moja. Kila cha Neema kina mwenzake wa Baraka. Ukiwa na 13, kimoja kinabaki kikiwa kimekosa mwenzake, kwa hiyo 13 haiwezi kuwa jibu. Mtoto atagundua hili kabla hata hajasikia habari za namba shufwa na witiri, na siku akizisikia zitakuwa jina jipya la kitu anachokijua.

Jibu likizidi moja, 15 badala ya 14, mara nyingi amegusa kizibo kimoja mara mbili kwa sababu vimetawanyika. Vipange kwa mistari, imekwisha.

Mpaka 5 anakwenda vizuri, kuanzia 6 anakwama

Vidole vimekwisha. Mtoto ana vidole kumi, na mara mbili ya 6 inadai kumi na mbili. Wengine huanza kuhesabu vidole vya miguu, wengine meno. Hapa ndipo napenda watu wakae muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu atakachojifunza hapa atakitumia miaka yote ya hesabu za kichwa.

Siri iko kwenye mkono. Sita ni mkono mzima na kidole kimoja. Saba ni mkono mzima na viwili. Nane ni mkono mzima na vitatu. Tisa, mkono mzima na vinne. Kabla ya kufundisha mara mbili ya namba hizi, hakikisha mtoto anaweza kukuonyesha 7 papo hapo, mkono mmoja wazi na vidole viwili vya mkono wa pili, bila kuvihesabu. Kama bado anahesabu "moja, mbili, tatu" ili aonyeshe saba, kaa hapo kwanza.

Sasa wasimamishe wawili wakitazamana, kila mmoja akionyesha 7. Waambie wakutanishe mikono iliyo wazi, kiganja kwa kiganja. Hiyo ni 10, imekwisha, haihesabiwi tena. Vilivyobaki ni vidole viwili vya huyu na viwili vya yule: 4. Kumi na nne. Jibu linatamkwa jinsi lilivyopatikana, kumi kisha nne. Fanya hivyo kwa 6, ambapo kinabaki kimoja na kimoja: kumi na mbili. Kwa 8 vinabaki vitatu na vitatu: kumi na sita. Kwa 9 vinabaki vinne na vinne, kumi na nane, ingawa kwa 9 watoto wengi huona ni rahisi kupitia 10: kumi mara mbili ni 20, kila mmoja alipungukiwa kidole kimoja, ondoa 2.

Mtoto akiwa peke yake nyumbani, tumia trei la mayai. Trei la kawaida lina nafasi 30, tano kwa sita. Likate kwa mkasi upate vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na safu mbili za nafasi tano tano. Kwa namba hadi 5 kipande kimoja kinatosha: 4 juu, 4 chini, na mtoto anaona nafasi mbili tupu, kwa hiyo 8 ni kumi kasoro mbili. Kuanzia 6 tumia vipande viwili. Jaza safu ya juu ya kila kipande kwa tano, kinachozidi kishuke safu ya chini. Safu mbili za juu ni 10 sikuzote. Baada ya muda macho hayahangaiki nazo, yanakwenda moja kwa moja safu za chini.

Tukiwa hapo: hakuna sheria inayosema ufundishe kwa kufuata 1, 2, 3 hadi 10. Mimi ningeanza na 5 na 10, kwa sababu nyingine zote huziegemea, niweke 1, 2 na 3 ambazo hazina shida, kisha 4, halafu 6 na 9. Saba na nane ziwe mwisho. Ndizo zinazosumbua kila darasa, na mtoto aliyezikuta akiwa na nguzo mbili tayari hazimtishi.

Anaimba jedwali lote, ukimrukia anapotea

Muulize mara mbili ya 8, atakunong'onezea "mbili, nne, sita, nane, kumi..." mpaka afike. Anaujua wimbo, na wimbo hauna mlango wa katikati.

Kuimba kwenyewe si kubaya, ila kumewekwa mwanzo badala ya mwisho. Uliza kwa kuruka: 5, kisha 9, kisha 3, kisha 9 tena. Ludo inasaidia kuliko daftari. Badilisha sheria moja tu: dadu likionyesha 4, mchezaji anasogea nafasi 8. Mtoto anayetaka kumla mwenzake hataimba, atatafuta njia ya mkato. Dadu linaishia 6, basi kwa 7 hadi 10 tumia karata, ukiondoa picha.

26 inakuwa 412, au 42

Wa 412 amefanya mara mbili ya 2, akaandika 4, na mara mbili ya 6, akaandika 12. Kila hatua ni sahihi, ila amezibandika. Wa 42 amekumbuka kwamba 12 haikai yote kwenye mamoja, akaandika 2, ile kumi akaisahau njiani.

Wote wawili wanarudi kwenye vijiti. Mafungu mawili ya kumi na vijiti 6. Kando yake mafungu mawili mengine na vijiti 6. Mafungu manne, vijiti 12. Hapo mwache atulie, asikimbilie kuandika. Kumi kati ya vile 12 vinafungwa kwa mpira na kuungana na wenzao: mafungu matano, vijiti viwili. 52.

Kwa hesabu za kichwani, mwache aanze kushoto: 20 inakuwa 40, 6 inakuwa 12, jumla 52. Najua kwenye daftari tunaanzia kwenye mamoja, na wapo walimu wasiopenda mtoto aanzie kushoto. Lakini kichwani, aliyeanzia na kubwa ana 40 mkononi hata akisahau kilichobaki, naye anajua jibu haliwezi kuwa 412.

Na pesa zipo. Mtoto anayetumwa dukani hushika hesabu hii bila kujua. Sarafu zetu Tanzania zenyewe zimejipanga hivyo: 50, 100, 200. Kisha 500, na noti ya 1,000 na ya 2,000. Ya 5,000 na ya 10,000. Mpe sarafu mbili za 50 abadilishe kwa ya 100, mbili za 100 kwa ya 200. Halafu muulize: kitu kimoja ni shilingi 350, viwili je? Mia tatu mbili ni 600, hamsini mbili ni 100, jumla 700. Wapo watoto wasiojibu mara mbili ya 35 ubaoni lakini swali hili la dukani wanalijibu wakiwa wamesimama mguu mmoja.

Namba tupu anaweza, fumbo linamshinda

"Asha ana maembe 3. Juma ana mara mbili ya maembe ya Asha. Wote wawili wana maembe mangapi?"

Wengi watasema 6 na kuweka kalamu chini. Wameona "mara mbili", wamefanya mara mbili, kazi imekwisha. Wachoreshe: maembe ya Asha mstari mmoja, ya Juma mistari miwili ya urefu uleule. Wahesabu mistari: mitatu, kila mmoja una 3. Jibu ni 9.

Hao hao ukiwauliza nusu ya 14 wanaweza kukupa 28. Kila siku unapofundisha mara mbili, maliza kwa kuirudisha: vizibo 14, Neema na Baraka wagawane sawa. Dakika mbili zinatosha.

Ananyamaza

Kabla ya kusema hajui, fikiria alichokutana nacho siku alipojibu vibaya. Fimbo, kicheko cha darasa, au mzazi aliyesema "hata hili?" Acha mbio za nani wa kwanza. Kila mtoto aandike jibu kwenye kipande cha karatasi na wote wainue kwa pamoja. Kwenye darasa la watoto sabini, dawati moja moja wainue kwa zamu. Utayaona majibu mengi kwa mara moja, na hakuna aliyesimamishwa peke yake.

Ameshaweza. Tuendelee wapi?

Mara mbili ya mara mbili. Mtoto anayejua 7 inakuwa 14, na 14 inakuwa 28, amepata 4 mara 7 bila jedwali la nne. Akirudia tena, 56, amepata 8 mara 7, ambayo watu wazima wengi huikwepa. Wamisri wa kale walizidisha hivi. Papiri, yaani hati ya mafunjo, aliyoinakili karani Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo sasa iko British Museum mjini London, imejaa hesabu za namna hiyo. Kwa 13 mara 12 unapanga 12, 24, 48, 96, yaani mara 1, 2, 4 na 8. Kwa kuwa 13 ni 1 na 4 na 8, unajumlisha 12, 48 na 96: 156. Hiyo ni ya darasa la nne, lakini mdogo wa darasa la pili atafurahia ule mpango wa namba.

Kama mtaani kwenu kuna bao la kete, mwombe mzee mmoja alitandaze kama la kujifunza, kete mbili kila shimo. Shimo moja 2, mashimo mawili 4, manne 8, safu nzima ya mashimo nane 16, upande mmoja 32, bao zima 64. Mwache mtoto akisie kabla ya kuhesabu.

Kama wiki kadhaa zimepita na hakuna kilichobadilika

Acha kwanza mara mbili. Mwambie akupe vizibo 7 kutoka kwenye rundo. Akikupa 6 au 9, au akiendelea kutoa mpaka umzuie, bado hajaunganisha namba na idadi, na hakuna mbinu iliyoandikwa hapa itakayoshika. Rudi kwenye kuhesabu vitu, moja hadi kumi, kila siku.

Akikupa 7 sawasawa, msogeze dawati la mbele siku mbili tatu. Sita na saba husikika karibu sawa kwa mtoto aliye nyuma ya darasa lenye kelele, na 6 na 8 za chaki iliyofifia hufanana. Majibu yakinyooka akiwa mbele, waambie wazazi wampeleke kupimwa macho na masikio.